Kushoto kwetu: shajara ya kubadili mfumo wa timu ya vijana, Busia

Juni, mwanzoni

Timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17 hapa Busia, upande wa Uganda, inacheza 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Hakuna aliyekaa akaichagua. Tuliirithi pamoja na milango ya goli isiyo na nyavu na daftari la mahudhurio lenye majina ya watu walioshaoa. Mwalimu, ambaye ndiye kocha mkuu na mwenye neno la mwisho, ameniruhusu nijaribu kitu kingine hadi mashindano ya likizo ya Agosti. Sharti lake ni moja: niandike kila hatua, ili mambo yakienda kombo ijulikane yalianzia wapi.

Tatizo lenyewe halifichiki. Tunafungwa kutoka kushoto kwetu. Nimepitia daftari la mechi za muhula uliopita na magoli mengi yanasomeka vilevile: krosi kutoka upande wa beki tatu, yaani beki wa kushoto, au mpira kupotea mguuni mwa beki tatu. Watu pembeni ya uwanja wanasema kijana ni mzembe. Si kweli. Kijana anatumia mguu wa kulia, na aliye mbele yake, namba kumi na moja, winga wa kushoto, naye ni wa kulia. Mpira ukimfikia beki tatu karibu na chaki, mstari wa pembeni, anaugeuza kwanza auweke kulia, yaani ndani, yaani palepale anapotokea adui. Huko nje mguu wake hauendi. Kwa hiyo ana njia moja tu, na kila timu iliyocheza nasi zaidi ya mara moja inaijua.

Katika kikosi kizima anayetumia kushoto ni mmoja, naye ni kipa.

Nimepima uwanja kwa kamba niliyoifunga vifundo kila mita: urefu 97, upana 54. Sheria inaruhusu upana kuanzia mita 45 hadi 90, kwa hiyo tumo ndani, ila ni wembamba. Na umeinama kuelekea barabarani. Mpira usiodhibitiwa unakimbilia huko wenyewe, na mvua ikinyesha hata uliodhibitiwa unakwenda. Kipindi kimoja upande wa barabara ni kulia kwetu, kipindi cha pili ni kushoto. Hili halionekani kwenye mchoro wowote wa mfumo, lakini ukikaa hapa msimu mmoja unajua kwamba kipindi tunachokuwa na mteremko kushoto ndicho tunachozama.

Juni, katikati

Nimetengeneza bodi. Kipande cha plaiwudi kutoka kwa fundi seremala, mistari kwa chaki, na vifuniko vya soda vya rangi mbili. Kipa ni kifuniko kipana cha chupa ya maji. Vijana wameipenda kuliko nilivyotarajia, hata wengine wanafika mapema kusogeza vifuniko kabla ya mazoezi. Lugha za nyumbani ni nyingi hapa, Kisamia, Kiteso, Kiganda, na wawili wanavuka mpaka kila jioni kutoka upande wa Kenya, ila kwenye bodi na uwanjani wote wanaelewana kwa Kiswahili.

Jioni ya kwanza ya bodi haikwenda kwenye mfumo hata kidogo. Iliishia kwenye swali la namba. Mdogo kuliko wote aliuliza: “Kocha, kama tunahesabu mabeki kutoka kulia kwenda kushoto, mbona wa kulia ni mbili, wa kushoto ni tatu, halafu wa katikati ndio nne na tano?” Swali zuri. Nilisogeza vifuniko nikawapanga kama walivyocheza Waingereza mwishoni mwa karne ya 19: mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Namba zikasomeka kwa mpangilio, mbili na tatu nyuma, nne tano sita katikati, saba hadi kumi na moja mbele. Hapo hakuna utata.

Kisha mwaka 1925 sheria ya kuotea ikabadilishwa. Kabla ya hapo mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Baada ya hapo wawili wakatosha. Magoli yakamiminika. Herbert Chapman, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika Arsenal, akamshusha namba tano kutoka katikati akamweka kati ya mbili na tatu. Nilikishika kifuniko cha tano nikakirudisha nyuma taratibu mbele ya macho yao, na mbili na tatu wakasukumwa nje pembeni. Wakaona wenyewe. Baadaye, mabeki walipokuwa wanne, kila nchi ilishusha mtu wake. Uingereza walimshusha sita, ndiyo maana Bobby Moore alinyanyua Kombe la Dunia la 1966 akiwa beki wa kati mwenye namba hiyo. Huku kwetu aliyeshuka ni nne, na sita akabaki kiungo mkabaji.

Mwalimu alisikiliza akiwa amekalia tofali. Yeye bado anasema sentahafu na sentafowadi, yaani tano na tisa, na amewahi kucheza nafasi zote mbili. Aliongeza jambo ambalo mimi nisingelisema vizuri kama yeye: “Namba ni anwani ya nyumbani. Haikukatazi kutembea.”

Juni, mwishoni

Uamuzi: tunajaribu 3-5-2.

Sababu ni hesabu tu. Katika 4-4-2 upande wa kushoto unahitaji watu wawili wenye mguu wa kushoto, beki na winga. Sina hata mmoja. Katika 3-5-2 upande ule unakaliwa na mtu mmoja, wingibeki, anayepanda na kushuka mstari mzima. Ninabaki na pengo moja badala ya mawili. Anayebaki namhamishia katikati, ambako mguu haumsumbui mtu sana.

Mwalimu ana shaka, na shaka yake ina uzito. Anasema mabeki watatu ni anasa ya timu zenye mapafu. Nilimtajia Argentina ya Carlos Bilardo iliyochukua Kombe la Dunia Mexico mwaka 1986: watatu nyuma, José Luis Brown akiwa wa mwisho, watano katikati, Maradona na Valdano mbele. Akanijibu, “Nipe Maradona nami nitacheza na mabeki wawili.” Sikuwa na la kusema.

Nilimtajia na Chelsea ya Antonio Conte. Septemba 2016 walichapwa 3-0 na Arsenal, Conte akahamia mabeki watatu, wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo na mwisho wa msimu wakabeba ubingwa. Aliyekimbia mstari wa kulia alikuwa Victor Moses, mtu aliyezoeleka kama winga, ambaye kabla ya hapo alikuwa akizungushwa kwa mkopo klabu hadi klabu. Hili lilimgusa Mwalimu zaidi, kwa sababu anapenda habari za mtu aliyekataliwa kisha akapata nafasi yake.

Sasa nani awe wingibeki wa kushoto? Nimemchagua namba tisa wetu, mshambuliaji wa kati. Kila mtu amecheka. Tisa wetu hafungi, lakini hachoki. Siku za shule akitoka darasani anasukuma baiskeli ya mahindi kwa mjomba wake hadi stoo za karibu na mpaka, kisha anakuja mazoezini na bado anakimbia kuliko wenzake. Mbele anakimbia ovyo, kwa kuwa mbele nafasi ni finyu. Pembeni mbio zake zitakuwa na mahali pa kwenda.

Anatumia mguu wa kulia, ndiyo. Kuna tofauti hata hivyo. Beki tatu wa zamani alikuwa anaupokea mpira akiwa amesimama mita chache kutoka goli letu, ambako akigeukia ndani na kunyang'anywa ni goli. Wingibeki anaupokea karibu na nusu ya uwanja. Akigeukia ndani huko anaingia kwenye eneo la kupiga au kupenyeza. Niliwaonyesha kwa vifuniko goli la kwanza la Kombe la Dunia 2006, Ujerumani dhidi ya Costa Rica: Philipp Lahm, beki wa kushoto anayetumia kulia, alikata ndani akapinda mpira hadi pembe ya mbali ya goli. Mguu uleule uliokuwa ugonjwa karibu na goli letu, pale mbele ulikuwa dawa.

Julai, mwanzoni

Mama yake tisa alinifuata sokoni, mkono mmoja una sangara. “Kocha, mwanangu amekosa nini? Alikuwa mbele, leo umemrudisha nyuma na magoli hatafunga.” Nilimweleza kwamba hajarudishwa nyuma, ameongezewa uwanja. Hakuridhika. Alinipunguzia bei ya samaki, ila hakuridhika.

Mazoezi ya wiki hizi ni ya kamba. Nimewafunga kiunoni watano wa nyuma: wingibeki wa kulia, mabeki watatu, wingibeki wa kushoto, kila mmoja mita kumi kutoka kwa mwenzake. Jumla ni mita 40 na uwanja ni 54. Ninatembea na mpira mkononi kutoka chaki hadi chaki, wao wanasogea kunifuata, kamba isilegee wala isivute. Ninapokuwa kulia kabisa, wingibeki wa kulia ananitokea, na yule wa kushoto anakuwa ameingia ndani kuelekea mlingoti wa mbali. Nyuma yake zinabaki mita 14 wazi.

Hizo mita 14 ndizo zimezua ubishi wote wa mwezi huu. Vijana wanaona nafasi wazi wanaogopa, wanataka kuirudia, na mmoja akirudi kamba inakatika katikati, mbele ya goli. Nimewaambia tunaiacha makusudi. Mpira wa kuvuka uwanja mzima unakaa hewani muda mrefu, na katika muda huo watu watano wanaweza kusogea. Mpira wa chini unaopita katikati ya mabeki wawili hausubiri mtu. Kwa hiyo tunaziba katikati, tunamkopesha adui pembeni, na tunakwenda kulidai deni mpira ukiwa hewani.

Kutoa mpira kabisa kulisaidia. Nimewasimulia kuhusu Milan ya Arrigo Sacchi, mabingwa wa Ulaya 1989 na 1990, ambao walikuwa wakifanya mazoezi ya mechi nzima bila mpira, kocha akitaja tu mpira uko wapi na wachezaji kumi wakihama pamoja. Sacchi alitaka kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele zisizidi mita 25 au hivyo. Sisi tulipopima, tukiwa tunashambulia, tulikuwa na karibu 50. Mabeki wanabaki nyuma kulinda goli ambalo hakuna anayelishambulia, na katikati panakuwa mbuga.

Mabeki watatu wenyewe wamejipanga vizuri kuliko nilivyodhani. Wa kati ni kijana wa kidato cha nne, mrefu, mtulivu, anayeongea. Kazi yake ni kubaki hatua mbili nyuma ya wenzake na kupiga kelele. Wa kulia na wa kushoto wanakaba mtu, yeye anakaba nafasi. Mwalimu anamwita mkoba na amefurahi sana kumwona mkoba tena, kwa sababu mabeki wanne wa mstari mmoja walikuwa wamemfuta.

Julai, katikati

Mechi ya kirafiki na vijana kutoka Tororo. Tumefungwa 3-1.

Kipindi cha kwanza tulikuwa bora na nitaliandika hilo bila aibu. Wao walianza na 4-4-2, washambuliaji wawili dhidi ya mabeki wetu watatu, kwa hiyo kila mara tulikuwa na mmoja wa ziada. Katikati viungo wetu watatu walikuwa dhidi ya wawili wao. Tisa wa zamani alikata ndani, akapiga, kipa akautema, goli. Mama yake hakuwepo.

Baada ya mapumziko kocha wao, mtu mkimya aliyevaa kofia ya mkeka, alifanya badiliko dogo tu. Aliwapeleka mawinga wawili wakasimama kwenye chaki, juu kabisa, na kumwacha straika mmoja katikati. 4-3-3. Wingibeki wetu wote wawili wakabanwa. Wakipanda, mawinga wanabaki nyuma yao peke yao. Wasipopanda, tuna mabeki watano wakimlinda straika mmoja na mawinga wawili, na mbele tuna washambuliaji wawili wasio na mtu wa kuwapa mpira. Vijana walichagua kutopanda. Tukawa 5-3-2, tukakaa kwenye kumi na nane yetu, kisanduku cha mbele ya goli, tukibutua, na kila mpira uliobutuliwa ulirudi. Mteremko ulikuwa kushoto kwetu. Magoli yote matatu yaliingia ndani ya robo saa.

Watu wa pembeni walikuwa na ushauri mwingi. “Panda! Panda!” kwa yuleyule ambaye dakika iliyofuata waliambiana, “Mwone, ameacha upande wake.”

Julai, baada ya Tororo

Nimekaa na Mwalimu kwenye kibanda cha chapati, bodi juu ya meza, tumeyarudia magoli yale kifuniko kwa kifuniko. Dawa tuliyokubaliana: dhidi ya mawinga wawili wa juu, wingibeki wetu hawapandi pamoja. Akipanda wa kushoto, wa kulia anashuka na kujipanga na mabeki watatu. Mabeki wanasogea kushoto hatua chache, na yule wa nje kushoto anamchukua winga aliyeachwa. Akipanda wa kulia, kinyume chake.

Mwalimu alihesabu vifuniko vya nyuma kwa kidole. “Mmoja, wawili, watatu, wanne.”

“Ndiyo, Mwalimu. Mpira ukiwa kushoto tunakuwa wanne.”

“Basi, mwanangu, ungeniambia tangu Juni kwamba unacheza nne, tusingebishana.”

Ana haki ya kucheka, ila tofauti ipo na ningependa isipotee. Nne ya zamani ilikuwa na kushoto dhaifu muda wote. Nne hii inazaliwa upande ule mpira usipo, na inaundwa na mabeki wa kati ambao mguu wao ni sahihi kwa kazi waliyopewa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza tunacheza mfumo gani namuuliza kwanza mpira uko wapi. Tarakimu zinazoandikwa kwenye skrini kabla ya mechi zinaeleza namna watu walivyosimama kwa wimbo wa taifa, na baada ya filimbi zinaeleza kidogo sana.

Julai, mwishoni

Wiki hii ni ya namba sita, na imekuwa ngumu kwa sababu isiyo ya kiufundi. Hakuna anayeitaka nafasi hiyo. Wote wanataka kuwa namba kumi, mchezeshaji. Ukienda kwenye kibanda cha mpira Jumamosi, kiingilio umelipa, umebanwa kwenye benchi, utasikia majina ya wafungaji na wachezeshaji tu.

Nimemtumia Khalid Aucho kuwashawishi. Kiungo wa Uganda Cranes, timu yetu ya taifa, alikuwa kwenye kikosi kilichorudisha Uganda Kombe la Mataifa ya Afrika Gabon 2017, mara ya kwanza tangu fainali ya Accra ya 1978, na tena Misri 2019. Kenya alicheza Gor Mahia, Tanzania akacheza Yanga kuanzia 2021, kwa hiyo hapa mpakani kila mtu amemwona, hata wasiofuata ligi yetu. Niliwaomba kitu kimoja: mkimtazama kwenye simu, msitazame mpira. Mtazameni yeye tu kwa dakika kumi.

Kijana niliyemlenga alirudi kesho yake. “Kocha, huyu jamaa hakimbii sana.”

“Unafikiri kwa nini?”

“Anakuwa ameshafika.”

Amechukua namba sita bila maneno zaidi. Kazi yake katika mfumo wetu ni kusimama mbele ya mkoba, upande wa mpira, na kuziba ile njia ya chini inayopita kati ya mabeki. Pia ndiye anayeruhusiwa kujaza nafasi ya wingibeki aliyepanda endapo beki wa nje amechelewa. Nimemwekea mipaka: asivuke nusu ya uwanja isipokuwa kwa kona, na hata kwa kona abaki nje ya kisanduku. Analalamika kuhusu kona.

Mwalimu, akisikia 1978 imetajwa, alitupa nusu saa ya Philip Omondi, mshambuliaji wa kikosi kile. Ghana ilitufunga 2-0 siku ile, lakini ukimsikiliza yeye unaweza kudhani kombe lilikuja Kampala. Mazoezi yalichelewa na hakuna aliyejali.

Agosti, mwanzoni

Jambo bora katika mradi huu limetoka kwa kipa.

Nilikuwa nikitafuta namna ya kutoka na mpira nyuma bila kubutua. Kushoto bado kulikuwa kubovu: beki wa nje kushoto ni wa kulia, akipewa mpira anageuka ndani, kilekile cha Juni. Ndipo Mwalimu aliyekuwa ameegemea mlingoti akasema, kana kwamba anajisemea, “Una mguu wa kushoto mmoja na umeufungia golini.”

Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi aliyorudishiwa kwa mguu na mwenzake, kwa hiyo makipa wa leo wamelazimika kujua kucheza. Na tangu 2019 goli kiki inahesabika iko mchezoni mara tu ikipigwa, mwenzako anaweza kuipokea ndani ya kisanduku. Tukaziunganisha hizo mbili. Kwenye goli kiki, mkoba anasimama ndani ya kisanduku kulia kwa kipa na kuupokea mpira mfupi. Kipa anasogea kushoto, nje kidogo ya mlingoti, anarudishiwa. Sasa ana mpira mguu wa kushoto, uso umeelekea mbele, na mguu wenyewe unafunguka kuelekea chaki. Anaupiga wa juu kiasi, kwa kupinda, hadi kwa wingibeki nusu ya uwanja. Mpira unamkuta akiwa tayari ameugeukia uwanja, halazimiki kugeuza chochote.

Beki wa nje kushoto, aliyekuwa akiogopa kila mpira, amekuwa chambo. Anashuka kama anayetaka pasi, anamvuta winga wa adui, na pasi inapita juu ya kichwa cha winga huyo.

Hatari ipo na imeandikwa juu ya bodi kwa chaki nyekundu: mshambuliaji wao akikimbia mapema, kipa yuko nje ya goli lake. Sharti ni kwamba kipa akipokea na kuona mtu ndani ya hatua tano, anabutua nje upande wa barabara. Mpira utachelewa kurudi, mara nyingine unapita chini ya lori lililoegeshwa kwenye foleni ya mpaka, na sisi tunapata muda wa kujipanga. Mteremko nao umepata kazi.

Agosti, mwishoni: mashindano

Tumefika nusu fainali. Tulitoka kwa penalti dhidi ya vijana wa Majanji, watoto wa ziwani wenye miguu mizito na mipira mirefu ambayo mkoba wetu aliisoma yote isipokuwa mmoja.

Yaliyofaa: magoli ya kufungwa kutoka kushoto yamepungua, na nimeyahakiki na daftari la Mwalimu, si langu. Pasi ndefu ya kipa ilitupatia magoli mawili na kona nyingi. Wingibeki wa kushoto alifunga kwa kukata ndani. Mama yake aliingia uwanjani na mwamuzi akasimamisha mchezo. Ya kuandikwa zaidi ni yaliyobaki mabovu. Washambuliaji wetu wawili wanakaa mstari mmoja, bega kwa bega, kana kwamba wanapigwa picha, na beki mmoja anawalinda wote wawili. Nimewaambia mmoja ashuke, mmoja abaki. Kwenye bodi wanafanya. Uwanjani wote wanashuka au wote wanabaki.

Pia mchezaji mpya ameletwa na shangazi yake kutoka Bugiri, wa kushoto halisi. Watu wote walinitazama mimi. Nilimjaribu wingibeki, nikamjaribu beki wa nje. Hapendi kukaba na haelewi kwa nini akabe. Nimemweka kulia katikati, juu, anakoweza kukata ndani kwa kushoto, na huko anatufaa. Kushoto kunabaki kwa kijana wa mahindi.

Septemba

Muhula wa tatu umefunguliwa na mkoba hayupo. Ana mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, ya kidato cha nne, baba yake amekuja mwenyewe kunieleza kwa heshima kwamba hadi mitihani iishe mpira ni marufuku, na nimekubaliana naye. Wanaokwenda na mkoba ni pamoja na wingibeki wa kulia. Walio nyuma yao wana miaka 14 na 15, na hakuna hata mmoja anayeongea uwanjani. Mabeki watatu bila mtu wa kupiga kelele katikati hawachezeki.

Mwalimu na mimi tumeamua hivi: hadi Desemba tunarudi kwenye mabeki wanne, lakini 4-3-3, si ile ya zamani. Kijana wa mahindi anakuwa beki tatu, na kipa anaendelea kusogea kushoto kwenye goli kiki, kwa kuwa hilo halidai mkoba. Sita anabaki palepale. Yule wa Bugiri anakuwa saba. Washambuliaji wawili wa bega kwa bega wanagombea nafasi moja, na labda hilo litawatenganisha.

Kamba imekatika mahali pawili na imeungwa. Jumanne tunaifupisha iwe ya watu wanne, mita tisa kwa tisa, tuanze na wadogo.